Nilivyopima data za Mama Eliya kwa flash, nikaishia kuwavalisha madereva sare

Jamani, kama kuna mtu anahama Karatu leo naomba lifti. Popote. Hata Mang'ola nitashuka, nitalala kwenye magunia ya vitunguu na sitalalamika. Nimeaibika mchana kweupe, mbele ya uwanja mzima wa watu wenye kofia za kaki, na mmoja wao ni mjomba wangu wa damu.

Bora niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa boda, maana wao wataongeza chumvi. (Na haihitaji chumvi. Imekolea yenyewe.)

Mnanijua. Kwa wasionijua, mimi ni Paulo wa simu, kibanda pale nyuma ya stendi. Nabadilisha vioo, natoa simu loki, natia nyimbo kwenye flash. Shule niliishia fomu tuu. Sikufukuzwa. Tuliachana tu, kila mtu akashika njia yake.

Sasa kuna mama mmoja wa Kichaga, wa Rombo, tunamwita Mama Eliya. Ana kampuni ya kupeleka wageni kreta. Ana ofisi, ana uwanja wa magari, ana geti jekundu. Mambo yake yote, yaani majina ya wageni, madereva, safari za miaka na miaka, yamo kwenye kompyuta moja ya zamani, ile yenye kichogo. Aliyemtengenezea hiyo programu alishahamia Mwanza na hapokei simu. Mama kajiunga na mfumo mpya wa mtandaoni, anataka data zote zihame kutoka kule kwa kizee zije huku kwa kijana. Akawa anatafuta mtu wa kumpigia hesabu ya gharama na kuifanya hiyo kazi.

Aliyetaja jina langu ni mjomba Bura. Mjomba aliendesha magari ya Mama Eliya kwa miaka mingi, mpaka jicho likamsumbua, akafanyiwa operesheni. Alipona vizuri tu, ila tangu hapo hajaitwa safari. Yuko zake kijijini Qurus na maharage. Lakini mama anamheshimu. Mjomba alimfuata ofisini akamwambia, "Mama, mtoto wa dada yangu anazichezea hizi kompyuta kama mpira." Mama akajibu, "Basi aje. Akiiweza, namwajiri kabisa, akae na huo mfumo hapa hapa."

Ajira, ndugu zangu! Kiti chenye magurudumu! Mshahara unaokuja wenyewe! Mama yangu alishaanza kusema kwa wanakwaya wenzake kwamba Paulo anaingia ofisini. (Paulo hajawahi kuingia ofisini hata kuomba barua ya mtaa. Huwa namtuma mtu.)

Juzi nilipita pale nikakopi lile faili kwenye flash ili nipime mzigo. Nikalitazama. Dogo! Jamani, dogo mno! Mambo yote ya Mama Eliya tangu aanze kupandisha Wazungu kreta yalikuwa mepesi kuliko video moja ya singeli. Nilicheka peke yangu kibandani.

Halafu nikapiga hesabu kama anavyopiga mtu yeyote mwenye akili timamu. Nimewahi kuhamisha watu vyombo kwa kile kigari cha mizigo, Kirikuu. Unafanyaje? Unachungulia chumba. Kitanda kimoja, jiko la gesi, ndoo, televisheni. Unasema, "Hii ni tripu moja," unataja bei, mnakwenda. Huwezi kumwambia mwenye chumba akufungulie kila sufuria uone kuna nini ndani. Basi na hii nikaona ni tripu moja. Nikapanga bei yangu kichwani. (Bei yenyewe siitaji hapa. Bado ina aibu, haitaki kutoka nje.)

Leo asubuhi nikavaa shati la harusi ya dada yangu, nikaenda.

Nakuta sipo peke yangu. Kuna binti kaletwa kutoka Arusha, anaitwa Neema, ana laptopu nyembamba kama chapati na raba nyeupe ambazo sijui alizipitishaje kwenye matope yetu. Maana mvua za mwezi huu mnazijua, hadi vyura wanaomba poo. Na wageni hakuna, lango la kreta limelala. Madereva karibu wote wako makwao wanapalilia.

Mama Eliya akatukalisha, akatumiminia chai, akasema, "Haya wanangu. Neema, anza. Itanigharimu kiasi gani?"

Neema akasema, "Mama, leo siwezi kukupa bei kamili. Sijaona ndani. Nipe muda nifungue, nione taarifa zilivyokaa, zipi nzima, zipi mbovu. Halafu kuna kuzisafisha. Halafu kuna kujaribu kwanza kwa nakala, pembeni, kabla hatujagusa mfumo wenyewe. Naweza kukupa makadirio tu."

Akataja makadirio yake. Mama Eliya akashika kifua.

Mimi nikacheka kidogo. Kile kicheko cha puani. Nikasema, "Kusafisha? Kwani zimepita Qurus hizi data, zina tope?"

Mama akatabasamu! Nikaona kiti chenye magurudumu kinasogea chenyewe kuja kwangu.

"Na wewe Paulo?"

"Mimi mama nimeshaona." Nikatoa flash mfukoni, nikaiweka mezani polepole kama mtu anayeweka karata ya mwisho. "Kampuni yako yote iko humu. Na nafasi imebaki ya nyimbo. Hii ni kazi ya asubuhi moja." Nikataja bei.

Mama akamgeukia Neema. "Unasikia mwenzako?"

Neema hakukasirika. Akaniuliza kwa upole, "Kaka Paulo, umepimaje?"

"Kwa macho."

"Umefungua ndani?"

"Dada, mzigo ukiwa mwepesi ni mwepesi."

"Siyo uzito, kaka. Gharama ni huko unakoupeleka, ule mfumo mpya utafanya nini nao ukifika."

Nikamwambia Mama Eliya, "Mama, unaona watu wa Arusha? Maneno mengi ili bei ipande." (Mungu anisamehe. Yule binti alikuwa ananirushia kamba, mimi nikaiona nyoka.)

Mama akasema, "Basi yaishe. Paulo, fanya hapa hapa tuone. Ukimaliza kabla ya mchana, kazi ni yako na ajira ni yako."

Neema akainua mkono kama yuko darasani. "Mama, angalau afungue akaunti ya majaribio. Siyo hii ya kampuni. Hii mmeshaiunganisha na simu na barua pepe za watu."

"Hakuna haja," nikasema.

Haya ndiyo maneno yatakayoandikwa siku yangu ya mazishi. Hakuna haja.

Nikakaa. Nikachomeka. Ule mfumo mpya ukaanza kuniuliza maswali. Mimi kwenye kompyuta nikiulizwa swali nabonyeza Ndiyo. Ndivyo nilivyojifunza, na ndivyo nimefika hapa nilipo. Ukibonyeza Hapana inakurudisha nyuma, inakuuliza tena kama mke. Kwa hiyo: Ndiyo. Tarehe za safari hazisomeki, tuweke ya leo? Ndiyo bwana, tarehe ni tarehe. Safari hizi zihesabiwe zimethibitishwa? Ndiyo, si zilishafanyika? Tuwajulishe wahusika? Ndiyo, wajulishwe, si watafurahi.

Mstari wa kijani ukaanza kukimbia. Jamani ulikimbia vizuri! Kama gari la serikali. Ukafika mwisho, kikatokea kialama cha vema.

"Tayari," nikasema, nikajinyoosha mpaka kiti kikalia.

Mama Eliya akapiga makofi. Chai yake ilikuwa bado inatoa mvuke! Akamwambia Neema, "Mwanangu, pole kwa safari, ila umeona mwenyewe."

Neema alikuwa ameinama anatazama kioo changu. "Mbona safari zote zina tarehe ya leo?"

Sikujua. Lakini nilikuwa na shati la harusi. Nikamjibu, "Ni tarehe ya kuhamia. Huwa inafanya hivyo."

(Huwa! Mimi! Niliyeuona huo mfumo kwa mara ya kwanza leo!)

Hapo simu ya dereva mmoja aliyebaki pale uwanjani kuosha magari ikalia. Ting. Tukamsikia dirishani anasema, "Ehee, Bwana asifiwe." Mama naye simu yake ikalia. Akaisoma. Akaisoma tena kwa sauti.

"'Habari dereva. Safari yako imethibitishwa. Siku: leo. Fika ofisini ukiwa na sare. Wageni wako wanakusubiri.'" Akainua macho. "Huu ni ujumbe niliouandika mwenyewe, wa kuwatumia madereva msimu ukianza. Umekuja kwangu kwa sababu niliweka na namba yangu, nihakiki. Paulo, huu umekwenda kwa nani?"

Neema akabonyeza mahali. Akasema, "Mama, umekwenda kwa wote."

"Wote akina nani?"

"Kila dereva aliyewahi kukufanyia kazi. Na wageni pia wamepata wa kwao, kwa barua pepe. Wa Kiingereza."

"Unasemaje huo?"

"Unasema dereva wako amefika, anakusubiri getini."

Nikasema, "Siyo mbaya. Tuwapigie tuwaambie wapuuze." Nikajaribu na kucheka. Hakuna aliyenisaidia.

Sasa wale msiokaa Karatu niwaeleze kitu kimoja. Madereva wengi hapa ni deiwaka. Hawana mshahara, wanaitwa kazi ikitokea. Na dereva wa deiwaka akipata ujumbe wa safari hapigi simu kuuliza kama ni kweli. Hata siku moja! Ukipiga kuuliza, ofisi inaona unasuasua, safari anapewa mwingine aliyekwisha kuvaa. Kwa hiyo unavaa kwanza. Unakwenda kwanza. Maswali utauliza ukiwa umekaa kwenye usukani. Na mvua hizi, watu hawajaona safari tangu sijui lini.

Mama Eliya alilijua hilo. Nikaona uso wake unabadilika. "Wanakuja," akasema. "Mungu wangu, wote wanakuja."

Tukaanza kupiga simu. Kila namba inatumika. Wanapigiana wao kwa wao, wanapeana habari njema.

Boda ya kwanza ikasimama getini. Akashuka Filemoni. Huyu Filemoni mama alimfukuza mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa kosa la kuuza tairi la akiba la gari la kampuni huku wageni wamo ndani. Kaja kavaa sare ile ile. Akatembea moja kwa moja mpaka kwa mama, akapiga goti kwenye tope.

"Mama, nilijua ipo siku utanisamehe."

Mama akanitazama mimi. Mimi nikatazama printa.

Wakafuata wengine. Kwa boda, kwa bajaji, kwa miguu. Sare za kaki, kofia, darubini shingoni. Mmoja juu kavaa kaki imenyooshwa pasi mpaka inakata, chini ana gamboti, kwa sababu ujumbe umemkuta shambani na muda haukutosha kumalizia. Wanasalimiana, wanakumbatiana, wanapigana mabega. "Oya, hata wewe?" "Hata mimi!" "Hili ni kundi kubwa aisee!" "Itakuwa ni watu wa sinema." "Mama kapata watu wa sinema!"

Simu ya ofisi ikalia. Nikapokea ili nionekane nina kazi.

"Sopa! Hapo ni ofisi ya wageni?"

"Ndiyo mzee, karibu."

"Mimi niko Enguserosambu. Nimepata ujumbe nije nichukue watu. Mimi sikuwahi kuendesha gari, lakini nimesoma hapa jina langu ni dereva."

Nikaelewa. Laini ilikuwa ya dereva mmoja wa zamani, aliiacha, sasa inamilikiwa na mfugaji mmoja wa Kimaasai. Nikamwambia, "Samahani sana baba, imekosewa."

"Haijakosewa, imeandikwa. Hao wageni ni wanene?"

"Hapana baba, yaani..."

"Kwa sababu mimi nina punda wawili tu. Kama ni wanene watapokezana. Waambie wasiondoke, mto ukipungua nashuka." Halafu nikasikia watu nyuma yake wanaangua kicheko, na mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa ananitania. Mpaka Enguserosambu nachekwa! Mtu yuko na ng'ombe wake kwenye mvua, kapata burudani ya mwezi mzima.

Nikakata simu. Nikajiambia, Paulo, toka mlango wa nyuma. Ofisi haina mlango wa nyuma.

Mama Eliya akasema, "Nenda nje ukawaambie."

"Mimi, mama?"

"Mimi ndiye niliyesema hakuna haja?"

Nikatoka barazani. Uwanja umejaa. Nikafungua mdomo, na hapo hapo geti likafunguka akaingia mjomba Bura.

Alikuja kwa miguu kutoka Qurus. Najua kwa sababu alikuwa amevaa kandambili na mfuko wa plastiki mkononi. Akasimama pale pale getini, akashika nguzo, akafuta miguu kwa kitambaa, akatoa kwenye mfuko viatu vyake vyeusi vya safari. Vimepigwa kiwi vinang'aa. Akavaa, akafunga kamba, kandambili akazitia kwenye ule mfuko. Akashika shati lake likakaa sawa. Ndipo akaanza kutembea kuja kwetu, na madereva wakampisha, "Mzee Bura! Shikamoo mzee! Umerudi barabarani!"

Akaitikia marahaba moja ya watu wote. Macho yalikuwa kwangu. Akapanda ngazi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akageukia watu.

"Mnamwona huyu? Mtoto wa dada yangu. Leo ndiyo kaanza kazi kwenye hiyo kompyuta, na cha kwanza alichofanya kanikumbuka mjomba wake." Akanitikisa mkono. "Paulo, asante mwanangu. Watu walishaniona ni wa kubaki na majembe tu."

Jamani.

Jamani nisikilizeni. Nimewahi kuanguka na trei la soda kwenye harusi. Nimewahi kumwita mama mkwe mtarajiwa "oya". Sijawahi kusikia masikio yanawaka kama leo.

Mama Eliya yupo mlangoni nyuma yangu. Neema yupo dirishani. Madereva wote wanapiga makofi. Filemoni ndiye anayepiga zaidi.

Nikasema, "Mjomba."

"Naam."

"Hakuna wageni."

"Hawajafika bado?"

"Hawapo. Hawaji. Kompyuta ndiyo imetuma."

Makofi yakafa moja moja. Mjomba hakuuachia mkono wangu. Akafikiri.

"Kompyuta ndiyo imenipa safari?"

"Ndiyo."

"Haikuambiwa na mtu?"

"Iliambiwa."

"Na nani?"

Kichwani nilitafuta jina la mtu mwingine yeyote. Hata la yule jamaa wa Mwanza. Nikasema, "Na mimi. Iliniuliza, nikajibu ndiyo bila kusoma. Nilikuwa nataka nionekane nina haraka."

Mvua nayo ikaona ndiyo wakati wa kuanza kudondoka.

Mjomba akaniachia mkono, taratibu, bila hasira. Heri angenizaba kofi. Angenizaba tungecheka, tungesahau. Akakaa kwenye ngazi, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Umenivalisha, Paulo," akasema. Basi.

Akavitia viatu kwenye mfuko, akatoa kandambili.

Nilitaka kulia lakini shati ni la harusi na Filemoni alikuwa ananitazama. Filemoni alikuwa anamuuliza Mama Eliya kwa sauti ya chini, "Mama, kwa hiyo na ule msamaha ulikuwa wa kompyuta?"

"Filemoni, nyamaza," mama akamjibu.

Neema ndiye aliyeniokoa. Akatokea na laptopu yake mkononi, akasema, "Samahani wazee. Wageni wameanza kujibu. Kuna hii nadhani muisikie." Akatafsiri papo hapo: "'Habari za siku nyingi. Tumepata ujumbe kwamba dereva wetu anatusubiri getini. Sisi tuko nyumbani kwetu Sweden, kuna theluji hadi dirishani. Tunaomba mumwambie asisubiri nje. Aingie ndani, atapata baridi.'"

Halafu dereva wa gamboti akaanza. Akacheka mpaka akashika gari. Uwanja wote ukaporomoka. Watu wazima na darubini zao wanafuta machozi. Mama Eliya naye, huku anajikaza, mabega yanamruka.

Mjomba akauliza, "Ni akina nani hao?"

Neema akasoma majina.

"Aa, nawajua! Mume na mke. Nilikuwa nao mimi. Yule mama aliogopa nyani, akala mkate wake wote ndani ya gari na vioo vimefungwa." Akatabasamu kidogo, kwa upande ule usionihusu mimi. "Mwandikie mwambie Bura kashaingia ndani."

Akanyanyuka, akachukua mfuko wake. Mama Eliya akamzuia, akamwambia, "Mzee Bura, hutoki kwa miguu kwenye mvua hii." Na hilo likafungua jingine, maana ikabidi kila mmoja aliyekuja arudishiwe nauli yake, na waliotoka mbali wapewe chochote cha kupoza. Mama ni muungwana, alitoa mwenyewe, mmoja mmoja, mezani. Mimi nilishika mwavuli. Na nikiwa nimeshika mwavuli niliona kwa macho yangu nauli za boda peke yake zinaivuka ile bei yangu niliyoitaja asubuhi, zinaiacha nyuma, zinaendelea.

Walipoisha, mama akamgeukia Neema. "Haya mwanangu. Hebu nikumbushe yale makadirio yako."

Neema akatazama chini. "Yamepanda, mama."

"Yamepanda? Kwa nini?"

"Asubuhi kulikuwa na taka za zamani tu. Sasa kuna na hizi za leo."

Mama akavuta pumzi, akasema, "Anza." Kazi ikaenda. Kiti chenye magurudumu kikaenda. Neema alikikalia hapo hapo, akakizungusha kidogo, nadhani bila kukusudia.

Nikaaga. Nikasema, "Mama, basi mimi niwaachie." Mama akasema, "Unakwenda wapi? Madereva tumewamaliza. Bado wageni. Wote waliotumiwa ujumbe wanaombwa radhi, mmoja mmoja, kwa jina lake, na wewe. Neema asiguse hata mmoja. Na kabla hujaanza, gari linampeleka mjomba wako Qurus. Utapanda nalo, utakwenda kumweleza dada yake mwenyewe."

Nilipanda. Njia nzima mjomba alikaa mbele, mimi nyuma, kama mgeni. Nilimwomba radhi mara nyingi. Tulipofika alishuka, akainama dirishani kwangu akasema, "Nilimwambia mama unaichezea kama mpira. Kosa ni langu. Nilisahau kumwambia huwa unapaisha." Akaondoka na mfuko wake. Sijui kama hilo ni neno la kusamehewa. Nimeamua kulichukua hivyo hivyo. Mama yangu naye nimemweleza. Kasema kwaya ina mazoezi jioni na yeye hatakwenda.

Sasa nimerudi ofisini, nimepewa stuli, siyo kiti. Mbele yangu kuna majina ya watu wa Sweden, wa Ujerumani, wa Kanada, wote wanauliza dereva yuko wapi. Kila nikiinua kichwa Neema anajifanya anakohoa.

Nimeandika "Sorry". Hapo ndipo Kiingereza changu kilipozima, katikati ya barabara. Atakayecheka, aje anisukume.